Chini ni Kyela

Mgeni aliingia dukani kwa baba bila kupiga hodi. Maji yalikuwa yakimchuruzika kutoka kwenye kofia yake iliyoshonwa kwa mkono, yakidondokea vitenge tulivyokuwa tumetandaza mezani. Ilikuwa Machi, na Tukuyu ilikuwa haijaona jua kwa siku tisa.

"Assalamu alaykum. Nimeambiwa hapa kuna binti anayechora nyumba."

Baba alisogeza vitenge vyake kabla ya kujibu. "Waalaykumu salaam. Yupo, huyo hapo. Lakini mzee wangu, usije ukasema sikukuambia. Tangu atoke chuo amejenga nyumba moja tu, ya kuku, na kuku wenyewe wamehama."

Mgeni hakucheka. Alitoa ndani ya koti mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nyingi, na ndani ya mfuko kulikuwa na karatasi ya daftari. Alinikabidhi kwa mikono miwili, kana kwamba mimi ndiye mkubwa. Palikuwa na mstatili mmoja mdogo wa kalamu ya wino, na mbele yake pembetatu kubwa.

"Shikamoo mzee. Hii ndiyo nyumba?"

"Marahaba, mwanangu. Hapana. Hicho ni kitanda. Na ule ni mlima. Nyumba utaiweka wewe kati ya hivyo viwili."

Aliitwa Mzee Husseni. Yeye na mkewe, Bi Mwanajuma, walikuwa wameishi Matwebe kwa zaidi ya miaka arobaini, wakiuza mchele na chumvi na kulima kidogo. Desemba mkewe alipigwa na kiharusi, upande wote wa kushoto ukafa. Januari, akiwa bado amelazwa, mvua ziliangusha nyumba yao ya udongo. Alipotoka hospitali hapakuwa na pa kurudi, ndipo binti yao Sabrina akamchukua kwenye chumba alichopanga hapa Tukuyu, mtaa wa Makandana. Mzee alikuwa na kiwanja mwishoni mwa Makandana, pale nyumba zinapokwisha na migomba inapoanza.

"Daktari ameniambia nimpeleke nyumbani," alisema. "Nikamuuliza, nyumbani wapi? Akaandika dawa."

Nilimweleza ukweli. Nilikuwa na shahada lakini sina mhuri. Ili niandikishwe kuwa msanifu majengo nilipaswa kwanza kufanya kazi chini ya mtu aliyeandikishwa, na kwa miezi saba nilikuwa nimetuma barua bila kujibiwa. Ningeweza kuchora, kisha kumwomba mwalimu wangu aliyeko Mbeya aikague ramani na kuigonga mhuri wake.

"Mhuri tafuta unakojua," alisema. "Mimi nataka mtu atakayekwenda kumuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Mafundi wote niliowaita wananiuliza vyumba vingapi."

Nilikwenda siku hiyohiyo. Chumba cha Sabrina kilikuwa na dirisha moja, na nje ya dirisha, umbali wa mkono, palikuwa na ukuta wa tofali wa jirani, umeota kuvu la kijani. Bi Mwanajuma alilala ubavu wa kulia akiutazama ukuta huo. Midomo yake ilivutwa upande mmoja na maneno yalimtoka taratibu, moja moja, lakini yalikuwa maneno kamili.

"Wewe ndiye wa karatasi?"

"Ndiye, bibi. Naitwa Nahla."

"Nahla. Mlima wa Rungwe uko upande gani?"

Nilinyoosha mkono kwenye ule ukuta wenye kuvu.

"Na kibla?"

Nilikuwa bado nimenyoosha mkono. Sikuwa nimewahi kulifikiria jambo hilo, ingawa nimezaliwa hapa na nimeswali hapa. Tukisimama kuswali Tukuyu, mlima unakuwa mbele yetu.

"Nimekuja huku bibi harusi," alisema. "Baba yangu alinisindikiza. Akaniambia, ukipotewa na kibla, tafuta mlima. Miaka yote nimeswali uani, mlima ule pale. Sasa siwezi kusimama, naswali kwa macho. Nafumba, nafumbua." Alipumzika. "Nafumbua, naona kuvu la watu."

Sabrina, aliyekuwa akikunja nguo kitandani kwake, aligeuka akatazama mlangoni.

Nilichora wiki nzima. Sijawahi kufanya kazi kwa furaha namna ile, na ninaona aibu kuisema kwa sababu ya yaliyofuata. Nilianza na kitanda kama mzee alivyosema. Kichwa kikae mashariki, ili akilala ubavu wa kulia uso uelekee kibla. Mbele ya uso, dirisha pana, lililoshuka chini kuliko madirisha ya kawaida, kwa kuwa madirisha yetu yote yamechorwa kwa ajili ya watu waliosimama. Njia kutoka mlangoni iwe pana kiasi cha watu wawili kumbeba wakiwa sambamba. Dari la mbao, mvua isimpigie kelele kichwani. Jiko na stoo vikae nyuma.

Nyumba ilikuwa ndogo, na barabara ilipita upande wa juu wa kiwanja, upande wa mlima. Chuoni tulifundishwa kuweka mlango mkuu chini ya karatasi, ili anayesoma ramani aone kama anaingia mwenyewe. Nikafanya hivyo. Barabara, mlango, chumba cha Bi Mwanajuma na mlima, vyote vikaja chini ya karatasi. Pembeni nikachora mshale mdogo wa kaskazini ukitazama chini. Mwalimu wangu aliikagua, akagonga mhuri, akaniandikia kwa penseli: "Dirisha hili ni zuri."

Fundi alikuwa Anyitike, Mnyakyusa wa hapahapa, mtu wa miaka hamsini mwenye timazi aliyorithi kwa baba yake. Aliipokea ramani, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Ndaga, asante dada. Nyumba ina heshima hii. Kila kitu kimeandikwa, hata kitanda. Bado chakula cha mchana tu."

Tulikubaliana kuvuta kamba za msingi Alhamisi. Jumanne ile nikapigiwa simu kutoka ofisi moja ya wasanifu mjini Mbeya. Walikuwa na nafasi ya mhitimu mmoja. Nije kesho yake kwa majaribio ya wiki mbili, tukiwa watu watatu, na mmoja ndiye atachukuliwa. Nilimwendea Mzee Husseni kumwomba ruhusa huku nikijiona msaliti. Alinishika kichwa kama mtoto akasema, "Nenda. Ramani si ipo?"

Alhamisi saa nne asubuhi nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta ya watu, msimamizi amesimama nyuma yangu, Anyitike akapiga.

"Dada Nahla, tupo kiwanjani, kamba mkononi. Mzee yupo hospitali anachukua dawa. Nithibitishie tu jambo moja, chumba cha bibi ni juu au chini?"

Faili la ramani lilikuwa mbele yangu. Nilitazama.

"Chini, fundi. Chumba cha bibi kiko chini."

"Chini kabisa? Una hakika?"

"Fundi, ramani ninaiangalia hapa. Ni chini, pamoja na mlango."

"Basi, wewe ndiye mwenye nyumba yako."

Msimamizi alikohoa. Nikakata simu.

Nilirudi baada ya siku kumi na sita. Nilishuka stendi nikaenda moja kwa moja kiwanjani na begi langu mgongoni, nikiwa nimewanunulia mafundi maandazi. Mvua ilikuwa imepumzika. Kuta zilikuwa zimefika kifuani, tofali nyekundu zimefunikwa turubai, na kazi ilikuwa safi, kona zimenyooka kama zimekatwa kwa kisu. Niliingia nikitafuta mlango upande wa barabara. Hapakuwa na mlango.

Nilizunguka. Mlango ulikuwa nyuma, ukitazama bondeni. Kando yake palikuwa na nafasi pana ya dirisha lililoshuka chini, sentimita sitini kamili kutoka sakafuni, kama nilivyochora. Nilisimama ndani ya kile chumba nikatazama nje. Niliona mabonde yakishuka, migomba, moshi wa jiko la mtu, na mbali kule weupe wa mvua inayoelekea Kyela.

"Fundi," niliita. "Hiki ni chumba cha nani?"

"Cha bibi. Nimekiweka ulipotaka."

"Nilisema chini!"

"Ndiyo. Chini." Alinyoosha mwiko wake kuelekea bondeni. "Chini si ndiyo hiyo? Juu ni mlimani, chini ni Kyela. Hata mtoto wa chekechea anajua. Mimi mwenyewe nilishangaa, nikasema nyumba gani inaipa barabara mgongo? Karatasi nikaigeuza mara tatu, ule mshale wako nikauona. Nikasema, ngoja nimuulize mwenyewe. Nikauliza. Ukasema chini."

Vijana wake waliacha kuchanganya udongo. Mmoja alianza kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

Nimezaliwa Makandana. Mama yangu akinituma sokoni husema "panda juu" au "shuka chini", na sijawahi kumuuliza wapi. Miaka mitano ya Dar es Salaam, penye ardhi iliyolala kama meza, ilikuwa imenifundisha kwamba chini ni sehemu ya karatasi. Aliyejua aliniuliza kwa lugha yetu, nami nikamjibu kwa lugha ya chuo. Niliketi juu ya mfuko wa saruji. Maandazi yalinidondoka.

"Tuvunje," nilisema.

"Tuvunje nini, dada? Msingi? Kwa mvua hii, kuvunja na kuanza upya ni miezi miwili. Bibi ana miezi miwili?"

Wakati huo Mzee Husseni alikuwa amefika kwa njia ya pembeni na amesikia yote. Nilimwendea nikapiga magoti kwenye tope.

"Mzee, nimekosa mimi. Si fundi. Ni mimi."

Nilitaka anitukane. Alivua kofia, akaingia kwenye kile chumba, akasimama mahali pa kitanda akitazama Kyela kwa muda mrefu. Mgongo wake ulikuwa umepinda kuliko nilivyouacha.

"Jana amekataa uji," alisema bila kugeuka. "Nimembembeleza, nimemwambia nyumba inapanda, utauona mlima. Ndiyo akala vijiko vitatu." Kisha akaivaa kofia. "Nitamwambia nini?"

Nilibaki kiwanjani peke yangu na Anyitike hadi alasiri. Nilitembea humo ndani kama mtu aliyepoteza ufunguo. Upande wa mlima sasa palikuwa na jiko na stoo, ukuta mmoja kati yao, na ukuta mzima usio na dirisha hata moja kuelekea barabarani. Niliugusa. Nikapima kwa hatua. Stoo pamoja na nusu ya jiko vilitosha kitanda, kiti cha mtu wa kumwuguza, na nafasi ya kugeuka.

"Fundi, ukuta huu wa kati ukitoka?"

Alikuna ndevu. "Unatoka. Haujabeba kitu bado."

"Na ukuta huu wa mlimani, tukiufungua dirisha? Pana, la chini. Mlango pia tuutoboe upande huu, jiko lihamie kule bondeni."

"Nyumba itakuwa na sura ya ajabu, dada."

"Iwe nayo."

Aliutazama ukuta aliokuwa ameujenga kwa siku kumi, akauegemea kwa mkono kama mtu anayemuaga ng'ombe wake. "Wiki moja," alisema. "Tukipaua Jumamosi, dirisha tunalifungua mwisho. Lakini safari hii ukiniambia juu au chini, nakufukuza kiwanjani kwangu."

Jioni nilikwenda kwa Bi Mwanajuma. Alikuwa amepungua hadi mashavu yameshikana na meno. Mzee hakuwa amemwambia chochote. Alikuwa amekaa mlangoni akinisubiri nimwambie mimi. Nikamweleza yote, hata lile la Kyela. Nilidhani atalia. Upande mmoja wa mdomo wake ulitikisika, na ilinichukua muda kujua kwamba anacheka.

"Umeniuza Kyela," alisema. "Kwenye mbu."

"Nisamehe, bibi."

"Mchele wa Kyela nimeuza mimi. Sasa nimeuzwa mimi." Kisha kicheko kilimwisha, macho yakamjaa maji ambayo hakuweza kuyafuta. Sabrina akayafuta. "Mimi nitabebwa mara moja tu, Nahla. Nikifika nikakuta si penyewe, sitarudi hapa wala sitakwenda kwingine. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Basi usiniambie habari ya karatasi. Likiisha hilo dirisha, ulale wewe kwanza. Ulale kama ninavyolala. Uniambie unaona nini. Ukisema twende, nitakwenda."

"Nitalala mimi kwanza," nilisema. "Nakuahidi. Na sitakudanganya."

Ijumaa simu ya Mbeya ililia. Nilikuwa nimechaguliwa mimi. Ofisi ilikuwa imepata kazi ya shule huko Sumbawanga, mwaka mzima, chini ya msanifu ambaye saini yake ndiyo niliyohitaji. Gari lingeondoka Jumatatu saa tatu asubuhi, nami niwe ndani yake. Baba alipiga makofi dukani mpaka wateja wakageuka. Mama alitoa sanduku langu chini ya kitanda akaanza kulifuta vumbi. Nilihesabu siku: Jumamosi bati, Jumapili dirisha, Jumapili jioni ninapanda gari la Mbeya. Ilitosha kabisa.

Jumamosi tulipaua. Jumapili mvua ilinyesha tangu alfajiri, mvua ile ya Tukuyu isiyo na haraka, na chokaa ya dirisha haikukubali kushika. Tulikaa chini ya bati jipya tukiisikiliza. Saa kumi Anyitike alipangusa mikono.

"Kesho asubuhi, dada. Leo nikilazimisha litaanguka. Wewe nenda safari yako, nitalimalizia. Nitalala mimi humo, nitamwambia bibi."

"Wewe ni mrefu, fundi. Bibi ni kama mimi."

"Basi Sabrina."

"Sabrina anauguza. Na bibi aliniambia mimi."

Nilimpigia msimamizi Mbeya, nikamwomba nifike Jumatatu jioni, niwafuate Sumbawanga kwa basi kwa nauli yangu. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole kwamba mkataba unasainiwa asubuhi ile ofisini mbele ya mkurugenzi, na kwamba wa pili kwenye orodha anakaa mtaa wa pili kutoka hapo. "Dada, ni kazi gani hiyo isiyoweza kusubiri?" Nilimwambia ni dirisha. Akasema, "Fikiria vizuri."

Nilifikiria usiku kucha, na sitasema nilikuwa na amani. Asubuhi mama alikuta sanduku limefungwa na mimi nimevaa viatu vya mvua. Aliketi juu ya sanduku.

"Nahla, mwanangu. Miezi saba umelia."

"Najua, mama."

Nilipofika kiwanjani Anyitike alikuwa ameshafungua ukuta na anasawazisha kingo. Mzee Husseni alileta kitanda na godoro kwa bajaji. Asubuhi ile Bi Mwanajuma alikuwa amehamishiwa kwenye godoro la Sabrina. Tulikiweka kitanda mahali pake, kichwa mashariki. Godoro lilikuwa limebonyea katikati, shimo la mtu mdogo aliyelala upande mmoja kwa miezi. Nilivua viatu nikajilaza humo, ubavu wa kulia. Shimo lilinitosha.

Niliona mawingu. Nilisubiri, nikafikiri ni ukungu tu, kisha nikaelewa. Ukingo wa chini wa dirisha ulikuwa juu ya jicho langu. Sentimita sitini za karatasi zilipimwa kwa godoro jipya, si kwa hili. Hata ukungu ukiondoka, Bi Mwanajuma angeona ncha ya mlima na anga.

"Fundi, lishuke kozi moja ya tofali."

"Dada! Nimelimaliza sasa hivi!"

"Njoo ulale uone."

Alikuja, akajikunja, miguu ikaning'inia nje ya kitanda, akatazama dirishani. Akainuka akachukua nyundo na tindo.

Ilikuwa saa mbili na nusu. Saa tatu na dakika tano simu yangu iliita, namba ya Mbeya. Nilimwambia msimamizi sitafika, nikamshukuru, nikamwombea yule wa pili heri, na nilipokata niligundua nimeuma mdomo hadi damu. Mzee Husseni alikuwa ananitazama. Hakujua kilichotokea na sikumwambia. Nilimsaidia Anyitike kuzoa vipande vya tofali.

Saa nne kozi ilikuwa imetoka na ukingo umepakwa. Nikajilaza tena, nikampigia Sabrina aiweke simu sikioni mwa mama yake. Nilisikia pumzi yake nzito.

"Bi Mwanajuma, nimelala. Kichwa mashariki, ubavu wa kulia."

"Sema."

"Naona barabara. Naona migomba mitano na bati la jirani, lina kutu. Mlima umejifunika, siuoni. Nimeahidi sitakudanganya."

"Subiri," alisema.

Nikasubiri. Mzee alisimama kando ya kitanda, Anyitike mlangoni na mwiko wake. Ukungu ulipita, ukaja mwingine. Pumzi ya simuni iliendelea, inapanda, inakwama, inashuka. Sijui ni muda gani. Mkono wangu uliolaliwa ulikufa ganzi kama wa bibi.

"Bibi," nilisema. "Bega la kushoto la mlima limetoka. Naona msitu. Umelowa, ni mweusi. Sasa wingu linapanda... linapanda bado. Kileleni bado pamefunikwa kidogo. Lakini ni wenyewe, bibi. Upo mbele ya uso kabisa. Sijainua kichwa."

Kisha nikamsikia, mbali na simu, akimwambia binti yake neno moja moja:

"Sabrina. Nivishe. Tunakwenda."